Nguvu za Kazi Gani?

Ini la panya ni dogo, linaenea kwenye kiganja cha mtoto. Likishatolewa mwilini huwekwa kwenye barafu papo hapo, kwa sababu limejaa vimeng'enya vikali, na lisipopoozwa huanza kujimeng'enya lenyewe. Kisha hukatwakatwa, hutiwa kwenye mrija wa kioo pamoja na maji ya sukari, na husagwa kwa mchi uliobana kwenye kuta za mrija, juu chini, juu chini, mpaka liwe uji wa rangi ya damu ya mzee. Katika uji huo seli zimepasuka, lakini viungo vyake vingi vya ndani bado ni vizima na vinaweza kufanya kazi.

Kwa uji wa namna hiyo, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Philip Siekevitz alianza mwaka 1949 kuhangaika na swali lililowashinda wengi: mwili unaunganishaje asidi amino hadi zikawa protini? Alikuwa mzaliwa wa Philadelphia, mwenye umri wa miaka 31, ametoka tu kupata shahada ya uzamivu California, na alipokewa kwenye kundi la daktari Paul Zamecnik.

Kiswahili kina kitenzi kinacholifaa jambo hili: kutunga. Asidi amino ni shanga za aina 20, na protini ni uzi wa shanga hizo uliotungwa kwa mpangilio maalumu. Siku zile wanakemia wengi walidhani kwamba vimeng'enya vilevile vinavyovunja protini tumboni ndivyo vinavyoitunga, ila kwa kufanya kazi kinyume. Kama ingekuwa hivyo, utungaji usingehitaji nishati nyingi. Lakini mwaka 1948 kundi la Zamecnik lilikuwa limeweka vipande vya ini kwenye dinitrofenoli, sumu inayoiacha seli ipumue huku ikiinyima faida ya kupumua, yaani nishati haihifadhiwi bali hupotea kama joto. Utungaji wa protini ulikwama. Kumbe kutunga kunagharimu. Ila nani analipa, na malipo yanafanyika wapi ndani ya seli?

Siekevitz aliutenganisha uji wake kwa sentrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi. Ukizungusha polepole, viini vya seli huzama. Ukiongeza kasi, zinazama mitokondria, viungo vya seli vinavyofua nishati. Ukizidisha tena, hutua vipande vidogo mno ambavyo wakati ule viliitwa mikrosomu na ambavyo hakuna aliyejua kwa hakika ni vya nini. Juu hubaki majimaji. Akachukua alanini, mojawapo ya zile shanga, iliyotengenezwa kwa kaboni-14 ili ionekane kwa mnururisho wake popote iendapo, akaanza kuchanganya. Mikrosomu peke yake: karibu hakuna kitu. Mitokondria peke yake: vilevile. Alipoziweka pamoja, na majimaji yale, na chakula cha kuzipa mitokondria kazi, alanini ikaingia kwenye protini. Tena iliingia zaidi kwenye protini za mikrosomu kuliko za mitokondria.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1952, na kwangu mimi ni miongoni mwa majaribio mazuri zaidi ya karne iliyopita, ingawa ni nadra kutajwa. Mafundi walikuwa mahali pamoja, nishati yao mahali pengine, na mtu alivikutanisha kwa mkono wake ndani ya mrija mmoja wa kioo. Siekevitz aligundua pia kwamba mitokondria zinaweza kufanya kazi kwanza kwenye mrija wao, zikaondolewa, na maji yaliyobaki yakaweza kuziamsha mikrosomu. Kulikuwa na kitu ndani ya maji yale. Mwaka 1954 Zamecnik na Elizabeth Keller waliziacha mitokondria kabisa, wakaweka badala yake ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, pamoja na kemikali ya kuichaji upya kila inapotumika. Utungaji ukaendelea. Sarafu ikajulikana.

Leo tunaweza hata kupiga hesabu. Kuongeza shanga moja kwenye uzi hugharimu vifungo 4 vya fosfati vyenye nishati kubwa: viwili vya kuiandaa asidi amino na kuibebesha kwa mchukuzi wake, na viwili vingine mezani kwa fundi mwenyewe, yaani kwenye ribosomu, chembe inayotunga protini. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu yako, ina shanga 574. Molekuli moja tu inameza vifungo zaidi ya 2,000. Hiyo ni mojawapo ya sababu kwamba mtu mzima aliyekaa tu bila kufanya kazi huunda na kuvunja ATP kiasi cha kilo 40 kwa siku, huku mwilini mwake kwa wakati wowote mna gramu 100 hivi tu. Ileile inazungushwa, inatumika na kuchajiwa tena, mchana na usiku.

Kutoka Boston, Siekevitz alikwenda Wisconsin, kwa mwanabiokemia Van Potter, kuzichunguza mitokondria zenyewe. Mwaka 1954 akahamia Taasisi ya Rockefeller mjini New York, akaungana na George Palade, Mromania aliyekuwa bingwa wa hadubini ya elektroni. Hapo kemia na picha zilikutana. Walitazama mikrosomu wakaona kwamba ni vipande vya utando vyenye chembe nyeusi za mviringo zilizonata juu yake. Wakaosha utando huo kwa chumvi ya nyongo, ambayo huyeyusha mafuta kama inavyofanya utumboni mwetu, na chembe zikabaki. Chembe hizo ndizo ribosomu, jina lililokuja mwaka 1958. Kisha wakawafungisha simbilisi, wakawalisha, wakawadunga lusini yenye kaboni-14, na kufuatilia kwenye kongosho safari ya kimeng'enya kimoja: dakika chache za mwanzo mnururisho ulikuwa kwenye ribosomu, baadaye ndani ya utando, mwishowe kwenye vifuko vinavyosubiri kumwagwa utumboni. Mwaka 1974 Palade alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na Christian de Duve. Siekevitz hakuwamo.

Yeye amebaki kwenye vichwa vya watu kwa njia nyingine. Julai 1957 jarida la Scientific American lilichapisha makala yake kuhusu mitokondria, na kichwa chake kiliziita mtambo wa kufua nishati wa seli. Maneno hayo yakazunguka dunia. Nami niliyakariri nikiwa kidato cha pili, nikayaandika kwenye mtihani, nikapata alama zangu, na hakuna aliyeniuliza: nishati hiyo ni ya kazi gani? Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mtu aliyeyaandika maneno yale alifika kwenye mitokondria akifuata jibu la swali hilohilo.

Na mitokondria si mtambo tu. Mwaka 1963 Margit Nass na Sylvan Nass, kule Stockholm, waliona nyuzi za DNA ndani yake. Mwaka 1981 wanasayansi wa Cambridge walisoma DNA hiyo ya binadamu yote: herufi 16,569, jeni 37. Kati ya jeni hizo, 13 ni maagizo ya protini, na zote 13 ni vipuri vya mashine ya kufua nishati. Mitokondria huzitunga ndani kwa ribosomu zake, zinazofanana na za bakteria kiasi kwamba baadhi ya antibiotiki, kama kloramfenikoli, huzidhuru na hivyo kudhoofisha uboho unaozalisha damu. Protini nyingine zaidi ya 1,000 huletwa kutoka nje, zikiwa zimetungwa na ribosomu za aina ileile aliyoiosha Siekevitz kwa chumvi ya nyongo. Mitokondria humlipa fundi, na fundi huijenga mitokondria.

Uhusiano huo ukivurugika, kwetu una jina la kutisha. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo hutoa sianidi, na sianidi huziba kimeng'enya cha mwisho kabisa kwenye upumuaji wa mitokondria, pale oksijeni inapopokelewa. Mwili una kinga: kimeng'enya kiitwacho rodanesi, nacho kimo ndani ya mitokondria zilezile, huifunga sianidi kwa salfa ili itoke kwenye mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye shanga mbili, methionini na sisteini, ambazo hupatikana kwa wingi kwenye samaki, dagaa na mayai. Asiye na chochote ila muhogo huzitoa shanga zake chache kwa ajili ya kuondoa sumu, na utungaji wa protini unapungukiwa. Katika miaka ya 1980, ukame ulipowabana watu wa Tarime, mkoani Mara, muhogo uliliwa kabla haujatayarishwa vya kutosha. Wanawake na watoto ndio walioathirika zaidi: miguu ilikakamaa ghafla, na haikurudi tena kuwa kama zamani. Nchini Kongo, ugonjwa huo ulikokuwa umeelezwa miongo mingi kabla, huitwa konzo, neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa.

Kinga yake ni maji na siku tatu. Muhogo uliomenywa huzamishwa kisimani au mtoni. Humo kimeng'enya cha mzizi wenyewe, kikisaidiwa na bakteria, huvunja linamarini, na sianidi huondoka na maji au hupaa hewani. Siku ya tatu mama hutumbukiza mkono, huokota kipande kimoja na kukiminya. Kidole gumba kikizama bila kulazimishwa, anaanza kuutoa muhogo na kuuanika juani. Kikikwama, anaurudisha majini.