Mashine Inayogonga Valvu: Pima Kwanza, Oili Baadaye

Leo hatutasema juu ya mbolea wala dawa ya nyanya. Leo tutazungumza juu ya ile mashine ndogo inayokuvutia maji, na sauti yake ya ta-ta-ta ambayo haikuwepo siku ulipoinunua.

Huku kwetu Arusha, masika yakishakwisha mwezi wa Mei, mkulima wa bustani hana mvua ya kutegemea mpaka vuli. Wenzetu wa miteremko ya Mlima Meru wana mifereji yao. Lakini ukishuka chini, Njiro na kandokando ya Mto Themi, mwenye shamba lililo juu kuliko maji hana budi kuwa na pampu. Sasa fikiri: ni Agosti, jua kali, nyanya zimetoa maua, na pampu imekufa. Maua yatapukutika kabla fundi hajapata kipuri. Ndiyo maana sauti ile si ya kupuuza.

Je, mashine ikianza kugonga, wengi wetu hufanya nini? Hukimbilia dukani kununua oili nzito zaidi. Kelele inapungua kidogo, mwenye mashine anafurahi. Ndugu mkulima, hapo umeinyamazisha tu, hukuiponya. Ni sawa na kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kichwa. Kichwa kitatulia, lakini homa iko pale pale.

Hebu kwanza tuelewe kinachogonga. Juu ya silinda kuna valvu mbili. Moja inaingiza hewa na petroli, nyingine inatoa moshi. Kila valvu inasukumwa na kipande cha chuma kinachoitwa roka. Kati ya roka na mkia wa valvu lazima kuwe na nafasi ndogo sana, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Nafasi ikiwa kubwa kupita kiasi, roka hupiga mkia wa valvu kama nyundo. Hiyo ndiyo ta-ta-ta unayoisikia. Mafundi wetu husema, "tapeti zimelegea."

Lakini si kila mgongo ni wa valvu. Sauti ya valvu ni kali na nyepesi, nayo hutoka juu, kwenye kofia ya valvu. Tena huenda polepole kuliko mashine yenyewe: mashine ikizunguka mara 600 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 300 tu. Sauti nzito ya du-du-du inayotoka chini, na inayozidi mashine ikibeba mzigo, hiyo ni ya konrodi au beringi. Ukiisikia, zima mara moja umwite fundi. Mashine za dizeli nazo hugonga kidogo kwa asili yake, hasa asubuhi ya baridi. Hilo lisikutishe kama ndiyo sauti yake ya siku zote.

Ukitaka kusikiliza vizuri, chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye kofia ya valvu na mpini karibu na sikio. Kaa mbali na mkanda na gurudumu, na usivae nguo inayoning'inia.

Sasa tuje kwenye kazi. Kabla ya kugusa valvu, pima oili. Iweke mashine mahali palipo sawa. Jambo hili ni kubwa kwetu tunaoweka pampu kwenye ukingo wa mto. Injini ndogo kama Honda GX160 haina pampu ya kusukuma oili. Ina kijiko kidogo chini ya konrodi kinachochota oili na kuirusha huku na huku. Mashine ikilala upande, kijiko kinaweza kukosa oili, na valvu zilizo juu zikabaki kavu. Basi chimba kidogo ukingoni, tengeneza kibaraza, pampu isimame wima.

Katika injini hiyo, kijiti cha kupimia huingizwa bila kusokotwa, na oili inatakiwa kufika kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Kisha inuse. Ikinuka petroli, au ikiwa imeongezeka bila wewe kuongeza, usiwashe. Petroli imevuja ndani kutoka kwenye kabureta na kuifanya oili iwe kama maji. Mwaga, weka mpya, na tangu siku hiyo funga koki ya petroli kila unapozima. Na koki hiyo isipotosha, kabureta itazamwe.

Oili ikiwa nzuri na kelele ipo, sasa pima valvu. Mashine iwe baridi kabisa. Iache ilale usiku kucha. Vua waya wa plagi isije ikawaka mkononi. Fungua kofia ya valvu. Vuta kamba polepole mpaka pistoni ifike juu na roka zote mbili ziwe zinacheza ukizitikisa kwa kidole. Kama roka moja imekaza, zungusha tena mzunguko mmoja. Sasa chukua kile kipimo cha mabamba membamba ambacho mafundi huita fila geji. Kwa GX160, valvu ya upande wa kabureta ni milimita 0.15. Ya upande wa eksozi ni 0.20, kwa kuwa hiyo hupata moto zaidi. Bamba lipite kwa kukwaruza kidogo, lisiingie ovyo wala lisikatae. Legeza nati ya kufungia, rekebisha, kaza, kisha pima mara ya pili, maana kukaza nati huweza kubadili kipimo. Mashine nyingine zina vipimo vyake. Trekta la Massey Ferguson 135, kwa mfano, ni milimita 0.30 ikiwa baridi. Fuata kitabu cha mashine yako.

Na usikaze kupita kiasi ili upate ukimya. Valvu iliyobana haipigi kelele, lakini haifungi vizuri. Moto hupita pembeni na kuiunguza. Utaona kamba imekuwa nyepesi kuvuta, mashine ngumu kuwaka, na nguvu imepungua. Afadhali kelele kidogo kuliko ukimya wa namna hiyo.

Baada ya hapo ndipo tuchague oili. Kwenye chupa utaona maandishi kama 10W-30. Herufi W ni alama ya majira ya baridi ya nchi za wenzetu. Namba ya kwanza ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi mashine ikiwa baridi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake ikiwa ya moto. Kwa GX160, kitabu kinasema 10W-30, nayo inafaa sana kwa asubuhi zetu za baridi za Juni na Julai. Oili nzito asubuhi kama hizo hurushwa kwa shida, na roka husubiri. Matrekta mengi ya dizeli hutumia 15W-40. Tazama pia herufi: inayoanza na S, kama SJ, ni ya petroli, inayoanza na C, kama CI-4, ni ya dizeli. Nunua chupa ambayo lakiri yake haijavunjwa. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya soda hujui imetoka wapi.

Badilisha oili baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100 au miezi 6, lipi litangulie. Usihesabu miezi tu! Ukimwagilia saa 5 kila siku, saa 100 hutimia kwa siku 20. Chora mistari ukutani au andika daftarini. Injini hiyo huchukua lita 0.58 tu, kwa hiyo chupa ya lita moja haimwagwi yote ndani. Oili chafu iweke kwenye dumu, usiimwage mferejini wala mtoni. Jirani wa chini naye anamwagilia mboga.

Basi, ndugu mkulima, kumbuka: simamisha mashine wima, pima oili, pima valvu ikiwa baridi, kisha weka oili iliyotajwa kitabuni. Kama huna fila geji, shirikianeni wakulima wanne au watano mnunue moja. Kipimo hicho hakichakai upesi, na mwanakikundi mmoja akijifunza kukitumia, wote mtafaidika.