Kerubi ni Bawabu

Mtaje kerubi, na wengi watakiona kitoto kinene chenye vijibawa. Sura hiyo imetoka kwa wachoraji wa Ulaya. Raphael, katika mchoro wake wa Bikira Maria wa yapata mwaka 1512, aliviweka viwili chini kabisa, vimeegemea viwiko, na watengeneza kadi hawajavipumzisha hadi leo. Kerubi wa Mwanzo 3:24 hana utani. Amewekwa mashariki ya Edeni pamoja na upanga wa moto, mtu asipite kuufikia mti wa uzima.

Majirani wa Israeli walikuwa na viumbe wa jinsi hiyo. Huko Khorsabad, kaskazini mwa Iraki, Sargon wa Pili, mfalme wa Ashuru, alisimamisha langoni mafahali wa mawe wenye mabawa na vichwa vya watu, kimo zaidi ya mita 4. Wana miguu mitano: ukiwakabili unaona miwili imetulia, ukipita ubavuni unaona minne ikitembea. Kwenye jeneza la mawe la Ahiram, mfalme wa Byblos, kiti cha enzi kimezungukwa na simba wenye mabawa na nyuso za watu. Sidai kwamba hao ndio makerubi. Ezekieli anampa kila mmoja nyuso nne. Kinacholingana ni kazi: kulinda pa mfalme au pa mungu.

Kwa hiyo swali la kerubi anafananaje halitufikishi mbali. Tuulize anaonekana wapi tena. Yuko juu ya kifuniko cha sanduku la agano. Yumo hekaluni mwa Sulemani: wawili wa mti wa mzeituni waliofunikwa dhahabu, kila mmoja dhiraa 10, kama mita 4 na nusu, na wengine wamechongwa kutani kati ya mitende na maua yaliyochanua. Hema la kukutania, lililotangulia hekalu, nalo lilifunguka mashariki, upande ule ule waliowekwa makerubi wa Edeni. Hekalu limepambwa kama bustani. Bustani nayo, kwa maoni yangu na ya wataalamu kama Gordon Wenham, imesimuliwa kama hekalu.

Hapo Adamu anabadilika machoni petu. Mwanzo 2:15 inampa kazi mbili, kulima na kutunza, na jozi hiyo hiyo ya kazi ndiyo wanayokabidhiwa Walawi hemani. Alikuwa kuhani wa zamu. Nyoka alipoingia hakumzuia, na lindo lake wakapewa makerubi.