Bakteria wa Baharini Wanapofika Ubongoni (2)

WIKI iliyopita tulieleza jinsi Vibrio, bakteria wa maji chumvi, wanavyoingia mwilini kwa samaki wasioiva au kwa kidonda kilicholowa maji ya bahari. Ni nadra kufika ubongoni, lakini wakifika huua haraka. Leo tuone wanavyotambuliwa na kutibiwa.

Msomaji wa Masasi au Newala asiseme bahari iko mbali. Samaki wa Mtwara na Lindi hufika masokoni kwetu, na ndugu zetu hushuka pwani na kurudi. Homa kali, kichwa kuuma, kutapika na degedege sisi huita malaria iliyopanda kichwani. Kipimo cha malaria kikionyesha vijidudu, tunaridhika. Kumbe mtu anaweza kuwa na vijidudu hivyo damuni huku kinachomuua ni homa ya uti wa mgongo, ambayo Vibrio nao huileta wakifika ubongoni. Shingo ikikakamaa, mgonjwa akichanganyikiwa, au utosi wa mtoto mchanga ukivimba, kipimo hicho pekee hakitoshi.

Hapo daktari huomba kuvuta maji ya uti wa mgongo kwa sindano kiunoni. Wengi hukataa wakiamini sindano hiyo hupoozesha. Sivyo: huchomwa chini ya pale uzi wa neva wa mgongo unapoishia. Kinacholemaza ni ugonjwa usiotibiwa. Kwa kawaida maji hayo ni maangavu. Yakiwa na ukungu, huashiria usaha. Yakipakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, Vibrio huonekana vijiti vyekundu vilivyopinda. Kisha huoteshwa maabarani ili ijulikane dawa inayowaua.

Tiba haisubiri majibu hayo. Antibiotiki ya seftriaksoni huchomwa mshipani mara moja. Vibrio wakithibitishwa, daktari anaweza kuongeza doksisaiklini au siprofloksasini.

Sisi wa huku tunajua thamani ya sampuli ya mgonjwa. Mwaka 1952 homa ya kuumiza viungo, iliyofanana na denge, ilienea hapa kwetu, Uwanda wa Makonde. R. W. Ross, wa maabara ya virusi ya Entebbe, akapata katika damu ya mgonjwa kirusi kisichojulikana: chikungunya. Bila damu ile, wagonjwa wangeendelea kuhesabiwa wa denge.

Basi ukimpeleka mgonjwa hospitali ya Mkomaindo, Ndanda au Newala, mweleze daktari bila kuulizwa: alioga baharini, alijikata akipara samaki, alikula chaza wabichi, au ana ugonjwa wa ini. Akiomba maji ya uti wa mgongo, kubali.

Wiki ijayo: kuhifadhi na kupika samaki kwa usalama.