Bwaki: mtoto aliyevimba hajanenepa

Huko Kabare, Walungu na hata hapa Bukavu, mtoto mwenye bwaki huvimba miguu na uso, na nywele zake hugeuka rangi. Wengine husema amenenepa; wengine husema amerogwa. Sivyo. Ni utapiamlo, na unaumiza pia ini.

Ini hupokea mafuta na kuyatuma mwilini. Ili yatoke, lazima yabebwe na protini, kama mzigo unavyohitaji mbebaji. Mtoto anayeshinda kwa bugali ya muhogo tupu hupata protini kidogo mno. Mafuta hukwama katika ini, nalo hukua. Hospitali ya watoto ya Lwiro imewatibu watoto wengi wa namna hii.

Basi bugali isiende peke yake. Tuweke sambaza wa ziwa Kivu, maharagi, soya, au karanga zisizo na ukungu, kwa maana sumu ya ukungu huharibu ini. Yai lina protini na kolini, inayosaidia ini kutoa mafuta.

Mtoto akishavimba, tusimshindilie chakula nyumbani: anaweza kufa. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Tumwombee, lakini tukiwa njiani.