Fundi aliyekufa na siri ya darubini zake

MHUNZI wa Kigikuyu katika nchi ya Murang’a, uliko mji wa Kangari, aliilinda siri ya kufua chuma, lakini hatimaye alimrithisha mwanawe. James Short, bingwa wa kutengeneza darubini katika karne ya 18, hakumwachia mtu siri yake.

Short alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka wa 1710. Alianza kazi hiyo chini ya ulezi wa Colin Maclaurin, profesa wa hisabati, kabla ya kuhamia London mnamo 1738. Kufikia kifo chake mwaka wa 1768, alikuwa ametengeneza darubini zaidi ya 1,300.

Darubini hizo zilikusanya mwanga kwa kioo kilichobonyea badala ya lenzi. Mwanga ulirudishwa na kioo kikubwa hadi kwenye kioo kidogo mbele yake, kisha ukapenya tundu lililo katikati ya kile kikubwa na kumfikia mtazamaji. Mpango huo ulielezwa na James Gregory, Mskoti mwenzake, mwaka wa 1663.

Vioo vyenyewe vilikuwa vya metali: takriban theluthi mbili shaba na theluthi moja bati. Metali hiyo ni ngumu, lakini huvunjika upesi kama chungu.

Ustadi ulikuwa katika kuisugua. Kioo chenye mbonyeo wa duara kamili hakikutanishi miale yote mahali pamoja. Yapaswa kina chake kipungue kidogo kuelekea ukingoni, kwa kiasi kisichofikia unene wa unywele. Short aliufikia usahihi huo kwa mkono.

Sifa zake zilienea mbali. Mwaka wa 1769, Kapteni James Cook na wenzake walitumia darubini zake kisiwani Tahiti kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya Jua. Short alikuwa amefariki mwaka mmoja awali, na husimuliwa kwamba aliagiza zana zake ziharibiwe.

Hapo ndipo penye hasara. Metali hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita, na kuing’arisha upya kwaweza kuharibu umbo alilolitia fundi. Ndiyo maana anayepata leo darubini yenye jina la Short hapaswi kukimbilia kuisugua: akiuharibu mbonyeo ule, aliyejua kuurejesha kwa mkono wake hakuacha mrithi.