Taa Hafifu za Motokari Kuukuu

Motokari kuukuu hupoteza nuru yake polepole, wala mwenyewe hatambui, mpaka usiku anapomwona mtembeaji njiani naye amekwisha kumfikia. Wengi hukimbilia kununua globu mpya. Lakini mara nyingi kosa limo katika njia ya umeme.

Globu ya volti 12 ikipata volti 10.8 tu, hupoteza karibu theluthi ya nuru yake. Motokari za volti 6, kama Volkswagen nyingi za miaka ya 1950, huumia zaidi: kwa wati zilezile huvuta umeme maradufu, na kila kiungo kichafu huuzuia.

Basi, tafuta kwa utaratibu. Taa zote mbili zikififia, pima kwanza batri na jenereta. Taa moja ikizimika kabisa, tazama globu, kisha fyuzi. Taa moja ikififia, shuku mahali waya wake unapofungwa kwenye bodi, maana kutu na rangi huuziba umeme. Tenga batri, fungua kiungo hicho, kikwangue mpaka chuma king'ae, ukikaze tena.

Fyuzi ikikatika mara kwa mara, usiizungushie karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi hukatika ili waya zisiungue; ukiizuia, moto utaanzia ndani ya waya zenyewe. Tafuta waya uliochubuka. Kazi hiyo ni ya saa chache, nayo yaweza kuokoa maisha ya watu.