Mali bila Daftari: Mifumo ya Taarifa za Elimu ya Awali na Mtoto wa Manda

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutajwa sana katika mambo ya biashara, lakini maana yake haikomei kwenye fedha na bidhaa. Mtoto naye ni mali ya jamii, na serikali isiyokuwa na daftari la watoto wake haiwezi kujua ijenge madarasa mangapi, iajiri walimu wangapi, wala ipike vikombe vingapi vya uji. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi taarifa za elimu ya awali zinavyokusanywa na kuhifadhiwa na vyombo vya serikali nchini Kenya, kwa nini mifumo hiyo inahitaji kufanywa ya kisasa, na ni kwa vipi suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Mfano wetu ni kisiwa cha Manda katika funguvisiwa la Lamu.

Kisiwa na Hesabu Yake

Manda si mahali pageni katika historia. Mji wa kale wa Manda ulikuwa ukifanya biashara ya ng'ambo tangu karne ya 9, na magofu ya Takwa, upande wa kusini wa kisiwa hicho, ni mabaki ya mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17. Leo uwanja wa ndege unaotumiwa na mji wa Lamu uko Manda, na abiria huvuka mlango wa bahari kwa mashua. Katika kijiji cha Maweni, ambacho jina lake linajieleza, watu waliotoka sehemu mbalimbali za pwani na bara huchimba na kuchonga mawe ya ujenzi. Maji ya kunywa ni ya shida, kwani visima vingi ni vya chumvi.

Kila ndege itakayotua kisiwani huandikwa: saa yake, abiria wake na mzigo wake. Je, mtoto wa mchimba mawe anayetimiza miaka minne huandikwa wapi? Swali hili ndilo kiini cha makala haya.

Ugumu wa kwanza ni wa mipaka. Kiutawala, Manda imo pamoja na Shela katika wadi moja. Taarifa zikijumlishwa katika ngazi ya wadi, darasa lenye sakafu ya saruji upande mmoja wa bahari huchanganywa na darasa la makuti upande wa pili, na wastani unaopatikana hausemi kweli kuhusu lolote kati ya hayo mawili. Kwa hesabu ya sensa ya 2019, kaunti nzima ya Lamu ilikuwa na watu 143,920. Katika kaunti ndogo namna hiyo, kijiji kimoja kikisahauliwa, pengo lake haliwezi kuonekana katika jedwali la taifa. Litaonekana tu kwa mzazi anayemvusha mtoto bahari kila asubuhi.

Madaftari Mengi, Mtoto Mmoja

Ili kulielewa tatizo, yafaa tutazame mgawanyo wa majukumu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, ambazo zilianza kazi mwaka 2013. Sera, mitaala na viwango vilibaki mikononi mwa serikali kuu. Sheria ya Elimu ya Watoto Wachanga ya 2021 iliweka utaratibu wa kaunti kuitekeleza kazi hiyo. Kwa hiyo mwalimu wa chekechea huajiriwa na kaunti, ilhali mwenzake wa shule ya msingi, ambaye mara nyingine hufundisha katika kiwanja kile kile, huajiriwa na tume ya taifa.

Taarifa nazo zikafuata mkondo huo wa kugawanyika. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilizindua mfumo wa NEMIS, ambao ulimpa kila mwanafunzi nambari yake ya pekee. Nguvu nyingi zilielekezwa kwenye shule za msingi na za upili, kwa sababu fedha za wanafunzi wa ngazi hizo hutoka serikali kuu. Mtoto wa awali alibaki pembeni, kama alivyobaki mwaka 2003 elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo. Wakati huo baadhi ya wazazi walingoja mtoto afikie umri wa darasa la kwanza badala ya kulipia chekechea. Mwaka 2025 serikali ilitangaza mfumo mwingine, KEMIS, uchukue nafasi ya NEMIS na ukusudie kumfuata mwanafunzi kuanzia elimu ya awali hadi elimu ya juu. Nia ni njema. Hata hivyo, mfumo hauwi mzuri kuliko taarifa zinazoingizwa ndani yake.

Tena, shule si mahali pa kwanza pa kumwandika mtoto. Kuna kijitabu cha mama na mtoto kinachotolewa kliniki. Kuna cheti cha kuzaliwa, ambacho sheria inataka kizazi kiandikishwe katika muda wa miezi sita, la sivyo usajili huhesabiwa kuwa umechelewa na masharti yake huongezeka. Kuna daftari la mahudhurio la mwalimu wa chekechea. Kuna na orodha ya chuoni, pale ambapo watoto wengi wa Lamu huanza kusoma Kurani kabla au wakati ule ule wa kuanza chekechea. Madaftari haya manne ni ya mtoto mmoja, lakini hayajuani.

Jina Lako Nani?

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tumfikirie mtoto wa mfano, binti wa miaka minne. Nyumbani na chuoni anaitwa Mwana Esha Athmani. Muuguzi ameandika Mwanaisha Athuman. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaesha Athman Bakari. Kwa masikio ya Mswahili hakuna utata wowote: huyu ni mtoto mmoja. Kwa tarakilishi, hawa ni watoto watatu. Mfumo unaolinganisha herufi kwa herufi utamhesabu mara tatu na kuzaa wanafunzi hewa, au utamkataa kwa kuwa jina lake haliafikiani na cheti, akose kuhesabiwa kabisa.

Aidha, fomu nyingi hutaka jina la ukoo, kwa kufuata desturi za Ulaya. Desturi iliyoenea ya Waswahili ni kutaja jina la mtu, la baba, kisha la babu. Ndugu wawili wa baba mmoja watapata jina la mwisho moja, lakini baba yao atakuwa na jingine, na mfumo utaona kana kwamba mzazi na mtoto si wa jamaa moja. Kosa si la mama aliyejaza fomu. Ni la aliyeibuni bila ya kuwauliza watu wanaoitwaje.

Maneno ya huduma zenyewe nayo yana mitego. Neno chuo kwa mtu wa Lamu ni mahali pa kusomea Kurani. Katika Kiswahili sanifu cha leo, ni taasisi ya elimu ya juu. Dodoso likiuliza iwapo kuna mtoto wa miaka mitano anayekwenda chuo, majibu ya Manda na ya Nairobi hayawezi kujumlishwa pamoja. Halikadhalika katika kupima maendeleo ya mtoto: akiulizwa ataje viungo vya mwili, mtoto wa Kiamu akasema mato badala ya macho, au akiita mchanga mtanga, mpimaji asiyeijua lahaja aweza kumwekea alama ya kushindwa. Alama hiyo ikiingia katika hifadhidata, itasomwa miaka mingi baadaye kuwa ni udhaifu wa mtoto, wala si wa kipimo.

Usasa ni Nini?

Kununua tarakilishi za mkononi na kuwagawia walimu si usasa peke yake. Mfumo wa kisasa unaomfaa mtoto wa Manda ungepaswa, kwa maoni yetu, kuwa na sifa tano.

Kwanza, mtoto awe na nambari moja tangu kuzaliwa, itambulike kliniki na shuleni, na ukosefu wa cheti usiwe sababu ya kumfungia mlango. Ibara ya 53 ya Katiba humpa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, pamoja na elimu ya msingi bila malipo. Haki moja haifai kugeuzwa kizingiti cha nyingine.

Pili, mfumo uweze kufanya kazi pasipo mtandao, mwalimu aingize taarifa darasani kisha zitumwe mtandao upatikanapo. Sekta ya afya inatupa mfano wa kutia moyo: tangu 2011 Kenya imetumia programu ya DHIS2, iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya takwimu za vituo vya afya nchini kote.

Tatu, taarifa zichambuliwe hadi ngazi ya kijiji, na majibu yamrudie mwalimu. Mwalimu anayejaza fomu mwaka mzima bila ya kuona dawati wala kitabu kikija kwa sababu ya fomu hizo, mwishowe atajaza lolote.

Nne, siri ya mtoto ihifadhiwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Idhini haipatikani kwa mzazi kutia sahihi karatasi asiyoifahamu.

Hilo latupeleka kwenye sifa ya tano, nayo ni lugha. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wala haiwezi kusemwa kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba teknolojia, kwani mwaka 2004 mradi uliotokana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Linalokosekana ni uamuzi, pamoja na istilahi zilizokubaliwa. Baadhi yetu husema hifadhidata, wengine kanzidata. Usajili kwa mmoja ni uandikishaji kwa mwingine. Mjadala huo ni mtamu ukumbini, lakini mzazi wa Maweni anahitaji neno moja atakalolielewa.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mifumo ya taarifa si kazi ya mafundi wa mitambo pekee. Kila uga wa fomu ni swali, na kila swali ni sentensi ya lugha fulani. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanaweza kuzipitia fomu za elimu ya awali za kaunti zao, kubainisha maswali yanayopotosha, kuorodhesha tahajia mbalimbali za majina ya wenyeji na kupendekeza istilahi. Utafiti wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi, na matunda yake yangeonekana upesi.

Mtoto wa Manda aliyekosa kuandikwa leo atafika darasa la kwanza bila ya kuwahi kukalia kiti cha chekechea, na hakuna takwimu itakayoonyesha kwamba alikosa. Hivyo ndivyo mali inavyoisha bila habari. Daftari lifunguliwe, na liandikwe kwa lugha ambayo mama yake ataweza kuisoma.